Kuipakia gari ya fundi Pemba ili usirudi Chake Chake mara ya pili

Pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono, ilisimama bonde la Mlemele wakati wa kuburuga shamba la mpunga, maji yapo, miche imeshaota kitaluni. Nilifika saa nne asubuhi, nikafungua upande wa visu, nikakuta oili sili ya shafti, mpira unaozuia mafuta yasivuje, imekatwa na nyasi zilizojizungusha. Ilikuwa kazi ya saa moja na nusu, lakini sili sikuwa nayo. Madukani Chake Chake haikuwepo, Wete haikuwepo. Ikaagizwa Unguja, ikateremka bandari ya Mkoani siku ya tatu. Siku zote hizo wakulima walikuwa wakinipigia simu kwa adabu, "Fundi, vipi, bado?", na mimi sina la kuwajibu. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani.

Fundi wa Bara akikosa beringi humtuma kijana wa bodaboda, na kabla ya adhuhuri kazi imeendelea. Sisi kati yetu na maghala makubwa ipo bahari. Kisiwa ni kifupi, kama kilomita 67 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo safari ya kwanza ya kumfuata mteja haina uzito. Safari ya pili ndiyo inayokula faida ya fundi na msimu wa mkulima. Tangu siku ile nimeipanga gari yangu upya kwa swali moja tu: nini kitanifanya nirudi? Haya ndiyo niliyoyapata, hatua kwa hatua, kwa fundi yeyote anayetaka kufuata mashine zilipo badala ya kusubiri ziletwe gereji.

Hatua ya 1: Ziandike mashine za njia yako

Kabla hujanunua hata spana moja, nunua daftari. Andika kila mashine unayoitiwa, na zile za jirani yake ambazo kesho utaitiwa. Daftari langu lina pawatila za mabonde, matrekta machache, pampu za maji, mashine za kukoboa mpunga, jenereta, mashine za kuchanganyia zege, misumeno ya moto na mashine za boti. Kila moja ina ukurasa wake: namba ya kwenye bamba la injini, mikanda yake, beringi, sili, filta, plagi, na bolti ambazo hupenda kudondoka. Bamba lipige picha kwa simu, maana mwakani litakuwa limeliwa na kutu.

Kazi hii inadai ujue kusoma namba, na hapa ndipo vijana wengi wanapobahatisha.

Beringi iliyoandikwa 6205: chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5, unapata tundu la ndani, milimita 25. Ya 6204 ni 20, ya 6206 ni 30, ya 6207 ni 35. Hesabu hii inaanzia 04. Chini ya hapo kariri: 6203 ni milimita 17, 6202 ni 15, 6201 ni 12, 6200 ni 10. Herufi za mwisho nazo zina maana. ZZ ina kifuniko cha bati, 2RS ina mpira pande zote mbili. Kwa bonde lenye tope na pwani yenye chumvi mimi nabeba 2RS tu. Bati huzuia vumbi, lakini maji hupita.

Oili sili iliyoandikwa 35-52-8 inakaa kwenye shafti ya milimita 35, ndani ya nyumba ya 52, na unene wake ni 8. Namba ikifutika, pima kwa vernia, rula ya taya ya kupimia milimita: shafti pale ambapo haijaliwa, nyumba, na kina. Usiipime sili ya zamani kwa tundu lake la ndani, kwani mdomo wake umeshalegea na utakudanganya.

Mkanda wa pembe una herufi na namba. A una upana wa milimita 13 juu, B 17, C 22. Namba ni urefu wa ndani kwa inchi, kwa hiyo B60 ni inchi 60 ndani. Ukiukuta umekatika na maandishi hayasomeki, zungusha kamba isiyovutika juu ya puli, ipime, kisha toa inchi 2 kwa mkanda wa A au inchi 3 kwa B. Utakaribia sana namba yake.

Hatua ya 2: Kila kipuri kipite maswali matatu

Kinaharibika mara kwa mara? Kikikosekana mashine inasimama kabisa? Kinaweza kupatikana Chake au Wete leo hii? Kinachoharibika mara nyingi, kinachosimamisha kazi na kisichopatikana leo, hicho kinapanda garini hata kama kinakaa miezi sita bila kuguswa. Kinachopatikana katika kila duka la vipuri Chake kinaweza kusubiri dukani. Kipuri kikubwa cha gharama, kama kichwa cha injini au pampu ya nozeli nzima, hakina haja ya kukaa garini. Hicho andika tu namba yake kamili na duka la Unguja au Dar es Salaam linalokiweka, ili ukihitaji uagize kwa simu papo hapo bondeni, kifike na boti inayofuata.

Maswali haya yameniondolea vitu vingi nilivyokuwa nikivibeba kwa hofu. Nilikuwa nikizunguka na mota mbili za stata nzito, na kwa mwaka mzima sikufunga hata moja.

Hatua ya 3: Ijue gari yako inabeba nini

Wengi wetu tunaanza na Suzuki Carry, hii tunayoiita keri. Ni gari nzuri kwa njia nyembamba za shamba, lakini mzigo wake halali ni kilo 350. Kilo hizo huisha haraka. Jenereta ya kilowati 5 peke yake inakaribia 85. Sanduku la spana likijaa ni 40, vipuri 60, lita 27 za mafuta ya kulainishia kama 24, maji 20, jeki na stendi 25, jiliwa na meza yake 20, mashine ya kuchomelea 7. Umeshapita 280, na bado ipo siku utarudi na giaboksi la mteja nyuma.

Kwa hiyo pima. Peleka vitu kwenye mizani ya dukani, kimoja kimoja, uandike. Vizito vikae chini na mbele, karibu na kibini. Ukiviweka nyuma kabisa, usukani unakuwa mwepesi, na ukishuka mlima wenye utelezi wakati wa masika utajuta. Mwenye Hilux ana nafasi zaidi, lakini asijaze kwa sababu nafasi ipo.

Hatua ya 4: Spana

Hapa sitakaa sana, kila fundi anazo. Niseme la saizi tu, kwa sababu linawarudisha watu njiani. Bolti ya M8 ya kawaida inafunguliwa na spana ya 13, lakini ya mashine ya Kijapani mara nyingi ni 12. M10 ni 17 au 16, ya Kijapani 14. M12 ni 19 au 18, ya Kijapani 17. Basi seti yako isikose 12, 13, 14, 16, 17, 18 na 19, na ya 13, 14 na 17 uwe nazo mbili mbili, maana nati na bolti hufunguliwa kwa pamoja. Trekta kongwe la Massey Ferguson litakudai spana za inchi: 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Spana ya milimita inayokaribiana itazunguka na kuila nati, na kazi ya dakika kumi itakuwa ya tindo na grainda.

Zaidi ya hizo weka pula ya miguu mitatu ya kuvutia beringi, spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, filagegi ya kupimia mianya, vernia, tepu na dai za kukatia nyuzi za M6 hadi M12, vitoa bolti zilizokatika, nyundo ya shaba, tochi ya kichwa, na sumaku yenye mkono mrefu. Ile sumaku ni kwa ajili ya bondeni. Nati ikidondoka kwenye tope la mpunga huioni tena kwa macho.

Vipimo vya toki vitundike ndani ya mlango wa sanduku, kwa bolti za daraja la uimara 8.8: M8 kama Nm 25, M10 kama 50, M12 kama 85. Hivi ni kwa bolti za kawaida tu. Za kichwa cha injini na za koneksheni rodi fuata kitabu cha injini yenyewe.

Hatua ya 5: Vipuri

Pawatila ndiyo mama wa njia yangu, kwa hiyo ndiyo inayochukua nafasi kubwa. Nyingi zina injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala, na nguvu inakwenda kwenye giaboksi kwa mikanda miwili au mitatu ya B. Beba seti kamili. Usibadilishe mmoja ukaacha wa zamani, kwani wa zamani umeshavutika, mpya utabeba mzigo wote peke yake na utakatika kabla hujafika nyumbani. Beba sili za shafti ya visu, zisizopungua nne, na sili ya magurudumu. Beba visu vichache na bolti zake nyingi, waya wa klachi, na pini za kufungia gurudumu la chuma. Kila unapofungua upande wa visu, ondoa nyasi na nyuzi za magunia zilizojisokota kwenye shafti, kisha mwonyeshe mwenye mashine. Ndizo zilizoiua sili ya Mlemele, na zitaiua na hii mpya asipozikata kila jioni.

Upande wa dizeli, shida nyingi ni maji na hewa. Madumu yanakaa wazi, mvua inanyesha, dizeli inachanganyika. Beba filta mbili za kila aina iliyomo daftarini, mita tatu za mpira wa dizeli, klampu, nozeli moja ya injini iliyo nyingi njiani kwako, na washa za shaba za kila saizi. Washa za shaba zikikuishia, iliyotumika ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itie kwenye maji, isugue. Inakuwa laini tena na inaziba. Namna ya kutoa hewa ni ileile kila mahali: legeza bolti ya kuingilia pampu, acha dizeli itoke mpaka mapovu yaishe, kaza. Kisha legeza nati ya paipu kwenye nozeli, zungusha injini mpaka dizeli iteme, kaza, washa. Fundi anayefungua pampu kabla ya kufanya hivi anajitafutia kazi ambayo haikuwepo.

Injini za petroli za pampu na jenereta ndogo ni rahisi kuzihudumia. Nyingi ni Honda GX160 au zilizoigwa kutoka kwake. Plagi yake ni NGK BPR6ES, mwanya milimita 0.7 hadi 0.8. Mafuta yake ni lita 0.6 tu, na zilizo nyingi zina kihisio kinachozima moto mafuta yakipungua. Nimeitwa mara nyingi kwa "koili imekufa", nikaongeza mafuta, ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Beba plagi, kamba ya kuwashia, gasketi za kabureta, kabureta nzima moja, koki ya mafuta, na spring ya kamba.

Jenereta zina jambo lake la peke yake kwetu. Tangu 2010 umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa hiyo jenereta za watu hulala miezi, huamshwa siku umeme umekatika. Inayolala huugua kwa kulala: petroli imekauka na kuacha ulimbo ndani ya kabureta, betri imekufa, panya ametafuna waya. Kwa hiyo kipuri chake cha kwanza ni dawa ya kusafishia kabureta na waya mwembamba wa kuzibulia jeti. Cha pili ni AVR, kifaa cha kusawazisha volti, ya kilowati 2 hadi 3, brashi za kaboni na kapasita. Kama inawaka na haitoi umeme, pima hivyo kabla ya kugusa koili za ndani.

Mashine za boti ukizihudumia, beba impela ya pampu ya maji, pini za parapela, kamba ya kuwashia, plagi, na washa za bolti mbili za kumwagia mafuta ya chini. Ukiyafungua mafuta hayo yakatoka meupe kama maziwa, maji yameingia, na kubadilisha mafuta pekee hakusaidii mpaka sili ibadilishwe. Bolti za huko ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila moja ipakwe grisi kabla ya kufungwa. Anayekuja kufungua baada yako atakuombea dua.

Kwa haidroliki ya trekta, hatuna namna ya kubana kichwa cha mpira bondeni, basi beba mipira iliyobanwa tayari, ya 3/8 na 1/2, urefu wa mita moja na mita moja na nusu, na vichwa vya kuunganishia. Nyuzi za BSP, yaani za mabomba za Kiingereza, zina pembe ya digrii 55, na za metriki digrii 60. Zinaweza kuanza kushikana kisha zikakwama, na ukilazimisha utakuwa umeharibu pampu ya mtu. Beba kipimo cha nyuzi. Beba pia vizibo, uufunge mstari uliopasuka ili trekta litoke bondeni kwa magurudumu yake.

Mwisho wa sehemu hii ni kisanduku ambacho ndicho hufunguliwa kuliko vyote: bolti na nati za 8.8 kuanzia M6 hadi M12, washa, pini za mkasi, klipu, klampu, nipo za grisi, karatasi ya gasketi, silikoni inayostahimili moto, gundi ya chuma ya sehemu mbili, waya wa kufungia, fyuzi, terminali za betri. Ni vitu vya bei ndogo, na ukikosa kimoja kazi imelala.

Hatua ya 6: Mafuta na vilainishi

Beba aina chache kwa wingi wa kutosha. Kwangu ni oili ya injini 15W-40 lita 10, oili ya gia namba 90 lita 5, ya haidroliki namba 68 lita 10, oili ya injini za mipigo miwili lita 2, mafuta ya breki chupa moja, na grisi ya lithiamu namba 2 pamoja na bomba lake. Kwa mashine za mipigo miwili zinazodai 50 kwa 1, tia mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Chora alama kwenye chupa, usikisie.

Maji safi lita 20 hayakosi garini: ya rejeta, ya kunawa, ya kusuuzia spana zilizoingia maji ya bahari. Na beba dumu tupu la oili chafu. Mabonde yetu ndiyo chakula chetu, na maji yanayopita pale yanateremka visimani. Oili usiimwage shambani kwa mtu, hata kama mwenyewe anakwambia si neno.

Hatua ya 7: Umeme na kuchomelea

Multimita ndiyo macho yako. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, 12.2 iko nusu. Injini ikiwaka itazame tena: kati ya 13.8 na 14.4 chaji inaingia, ikibaki 12 na kidogo tatizo ni alteneta, mkanda wake au waya. Vipimo viwili hivi vinamwokoa mteja asinunue betri asiyoihitaji.

Kuchomelea shambani, mashine ya inverta na jenereta ya kilowati 5 zinatosha kwa fimbo za milimita 2.5 za E6013, karibu ampea 60 hadi 90. Fimbo ndizo zinazotutesa, maana unyevu wa hewa yetu huziingia na moto unarukaruka. Ziweke kwenye bomba la plastiki la maji taka lenye vifuniko pande zote, na kila ukitoa chache funga. Kabla ya kuchomelea kwenye trekta, toa terminali za betri na waya za alteneta. Klampu ya ardhi ifunge karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilichosuguliwa. Ukiifunga mbali, umeme utapita ndani ya beringi ukiitafuta njia, na beringi itaanza kulia wiki ijayo bila mtu kujua sababu.

Hatua ya 8: Kila kitu na nyumba yake

Makopo ya plastiki yenye vifuniko vya kuzungusha ni bora kwetu kuliko masanduku ya bati. Bati linaliwa na chumvi, linatoa kutu, kutu inaingia kwenye beringi. Beringi ziache ndani ya karatasi zake mpaka dakika ya kuzifunga. Sili na mikanda zikae mbali na jua, na mikanda isikunjwe kwa nguvu wala kutundikwa kwenye msumari mwembamba. Kila kopo liandikwe kwa wino usiofutika, si jina la kipuri tu bali na mashine yake: "Sili, visu, pawatila".

Panga kwa mpangilio wa mikono yako. Vya kila siku vikae mlango wa pembeni, urefu wa kiuno. Vya mara moja kwa mwezi vikae ndani. Mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza vikae mahali ambapo hata msaidizi wa siku ya kwanza anaviona bila kuuliza. Halafu fanya jaribio: mwambie msaidizi akuletee, usiku, kwa tochi, beringi ya 6204. Akizidi dakika moja, mpangilio bado.

Kila mwisho wa wiki osha gari kwa maji baridi ya bomba, hasa chini, na spana zifutwe kwa kitambaa chenye oili kidogo. Hewa ya pwani haipumziki.

Hatua ya 9: Mkoba wa kuvukia

Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza: huko gari inaishia pwani, na wewe unapanda ngalawa au mashua. Watu wa huko wana mashine kama wengine, tena maisha yao yote yako juu ya mashine ya boti. Andaa mkoba mmoja usiopenya maji, usiozidi kilo 15, uliojaa muda wote: spana 8 hadi 19, bisibisi, plaisi, spana ya plagi, multimita, plagi za aina mbili, kamba, impela, washa za shaba, mpira wa mafuta, klampu, dawa ya kabureta, gundi ya chuma, tochi. Mkoba huu usiazime kitu kutoka gari, uwe na vyake. Ukianza kuchukua humu na kutia kule, utafika Fundo huna spana ya plagi, na mashua imeshaondoka.

Hatua ya 10: Vya kukurudisha nyumbani mzima

Mpira wa haidroliki ukivuja tundu dogo, usiutafute kwa kidole. Mafuta yale yanatoka kwa kasi ya kupenya ngozi, na kidonda chake kwa juu kinaonekana kama mchomo wa sindano, ndani kinaozesha nyama. Tumia kipande cha kadibodi au ubao. Likitokea kwako au kwa msaidizi, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, iwe Chake, Wete au Abdalla Mzee Mkoani, na mwambie daktari wazi kwamba ni mafuta ya shinikizo yameingia mwilini. Usisubiri kuvimba.

Jeki inainua, haishikilii. Stendi mbili za chuma na vipande vinne vya ubao mpana vinavyozuia stendi kuzama kwenye tope ni sehemu ya mzigo wa kila siku. Zana iliyoinuliwa na haidroliki ya trekta iteremshwe chini au itegemezwe kabla hujaingia chini yake. Rejeta ya moto isifunguliwe. Miwani ya grainda ivaliwe, na msaidizi pia awe na yake.

Kabla ya kutoka, na baada ya kurudi

Simu ya mteja ndiyo spana ya kwanza. Uliza: mashine gani, namba gani kwenye bamba, ilizimaje, ghafla au ilichoka polepole? Moshi rangi gani? Nani ameigusa baada ya kuzima? Mwambie akutumie picha. Uliza pia gari inafika mpaka wapi, maana wakati wa masika njia ya juzi si ya leo. Majibu hayo yalinganishe na ukurasa wa daftari, uongeze garini kinachopungua.

Msimu nao ubadilishe mzigo. Kabla ya mvua za Machi hadi Mei, sili, mikanda na visu vya pawatila viwe mara mbili ya kawaida. Kiangazi kikiingia, punguza hivyo uongeze vipuri vya pampu. Kaskazi ikianza kutulia na wavuvi wakaenda mbali, mkoba wa kuvukia ukaguliwe upya.

Na kila usiku, kabla sijaingia ndani, naandika nilichokitoa. Si kesho, kwa sababu kesho simu inalia alfajiri. Kila kopo lina namba mbili kwenye kifuniko: idadi inayotakiwa, na idadi ya kuagizia. Kopo la sili za visu limeandikwa 4 na 2. Zikibaki mbili, oda inakwenda Unguja usiku uleule, ili ipande boti inayofuata ya Mkoani wakati bado ninazo mbili mkononi.